Safari ya Kolwezi wakati wa jua kali

Mwishoni mwa mwezi wa Septemba, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa parokia yetu hapa Lubumbashi alitufuata barazani. Alikuwa amenunua pikipiki mpya, naye alitaka kwenda Kolwezi kwa wakwe zake kuwaonyesha mtoto wake wa kwanza, mwenye miezi minne. Alituomba tumpeleke kwa Padri ili pikipiki ibarikiwe. Tukamwuliza: «Mwanangu, mtasafiri wangapi?» Akajibu: «Watatu, Baba. Mimi mbele, mama wa mtoto nyuma, na mtoto katikati yetu.»

Tulinyamaza kidogo. Kutoka Lubumbashi hata Kolwezi ni karibu kilometa 300, na kijana huyu hakuwa amepata kwenda mbali kupita Kipushi.

Joto la njiani linadanganya, nasi tulianza kumweleza hilo kwanza. Kwetu Katanga, mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijashika, ndio wakati wa jua kali, na mchana joto hufika nyuzi 32 au 33. Mtu aendaye kwa miguu hutoka jasho, nguo zinalowa, naye anatambua upesi kwamba yampasa kutafuta kivuli. Yule aliye juu ya pikipiki hapati alama hiyo. Upepo unalikausha jasho mara linapotoka. Ngozi inabaki kavu, mwili unaona raha, kumbe maji yanazidi kuutoka. Kiu inachelewa. Yanayotangulia ni kichwa kuuma, macho kuwa mazito, na vidole kuchelewa kushika breki.

Tunasema haya kwa kuwa yalitupata. Safari yetu ya kwanza kwenda Likasi, kilometa kama 120 tu, tulivaa shati la mikono mifupi, tukasifu ule upepo, wala hatukunywa hata tone. Tulipokaribia daraja la Lufira tuliona lori likitujia, tukalitazama kama mtu aotaye ndoto, bila kuhama katikati ya njia. Honi yake ndiyo iliyotuamsha. Mama mmoja aliyekuwa akiuza makaa kando ya barabara alituketisha chini ya mti, akatunywesha maji polepole, akatukemea kama mtoto wake. Mikono yetu iliungua hata ngozi ikabambuka.

Kwa hiyo koti la mikono mirefu lisivuliwe, hata jua liwe kali namna gani. Lizuie jua na upepo mkavu, tena likinge ngozi mtu akianguka. Kofia ngumu, ile tunayoiita kaske, ifungwe kidevuni, isitundikwe kwenye usukani kwa sababu ya joto. Maji yawe lita tatu kwa mtu mmoja, naye asingoje kiu: kila kilometa 50 asimame kivulini, anywe, ale kidogo kitu chenye chumvi. Anayeona kizunguzungu asiendelee hata akiwa amebakiza kilometa kumi. Na ile chupa ya bia baridi inayomwita mtu pale Likasi, aiache, ataikuta Kolwezi.

Saa ya kuondoka ni kunapopambazuka, si gizani. Njia inaelekea upande wa magharibi; asubuhi jua linakuwa mgongoni, lakini anayechelewa atakuwa na jua machoni alasiri yote, tena kati ya malori makubwa yachukuayo shaba na kobalti. Lori likipita, upepo wake unasukuma pikipiki, kisha vumbi linafunika kila kitu. Afadhali kumwacha mwenye haraka apite. Na wingu la kwanza likimwaga mvua, asimame: lami iliyokaa miezi mingi bila maji ina mafuta na vumbi, nayo inateleza kama sabuni.

Habari ya chombo chenyewe si ndefu. Mipira ipimwe upepo asubuhi ingali baridi; ikipata moto njiani upepo unazidi, wala isipunguzwe kwa sababu hiyo. Mafuta ya injini yatazamwe pikipiki ikiwa imesimama wima mahali palipo sawa. Mnyororo usafishwe, upakwe mafuta, usilegee wala usikaze mno. Tangi la esansi lisijazwe hata mdomoni, maana esansi hutanuka kwa joto. Tena inunuliwe mahali pa kuaminika, si katika kila chupa ya hao wauzaji wa kando ya njia tunaowaita Kadafi. Injini ikiwa mpya isikimbizwe kwa nguvu zake zote. Padri atabariki kwa moyo mwema, lakini hatakaza nati.

Hayo yote kijana aliyapokea. Neno lililomshinda lilikuwa la mke na mtoto. Tulimwambia wapande basi siku iliyotangulia. Mtoto wa miezi minne hawezi kusema kwamba ana kiu. Akibanwa kati ya miili miwili katika joto, atanyamaza, na mama atadhani amelala. Kijana akainamisha kichwa: «Baba, wakwe zangu watasema nini? Nina pikipiki, na binti yao anakuja kwa basi kama mke wa mtu asiye na kitu.» Hatukumcheka. Tunajua uzito wa macho ya wakwe. Tulimjibu tu kwamba mkwe atahesabu wajukuu kwanza, kisha pikipiki.

Aliondoka bila kutuahidi lolote. Jumatatu mke wake alikuja nyumbani kwetu kumwuliza mama wa watoto wetu bei ya tiketi. Jumatano jioni ikaja simu kutoka Kolwezi: amefika, amechoka, uso mwekundu kwa vumbi, na mama mkwe amekataa salamu zake mpaka amalize jagi zima la maji. Mtoto alikuwa amelala huko tangu jana yake. Sasa kijana anauliza kama kwa kurudi angeweza kumchukua mke peke yake, mtoto abaki kwa bibi yake hata Noeli. Mke, tunasikia, amekataa katakata, naye ameshika tiketi ya kurudi mkononi.