Kuficha Maumivu si Ushujaa

Tangu muhula uliopita najizoeza mbio za marathoni, yaani maili 26 na yadi 385, ambazo natumaini kuzikimbia mwakani nikiisha timiza miaka 18. Kengele ya kuamka ilinikuta nimekwisha rudi bwenini, na uji wa siku zile ulikuwa mtamu, hata ule ulioungua.

Kisha muundi wa kushoto ukaanza kuuma. Nilipowaambia wenzangu, jibu lilikuwa moja: "Mkumbuke Akhwari!" Basi nikanyamaza, nikakimbia siku kumi zaidi nimeuma meno. Nikalipia kwa majuma matano ya kukaa kando ya kiwanja nikitunza masweta ya wengine, na mara mbili tatu nilitaka kuacha kabisa.

Kwa maoni yangu twalitumia vibaya jina la mzee huyo. Kweli, John Stephen Akhwari aliumia goti huko Mexico mwaka 1968, naye akamaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Lakini ile ilikuwa siku ya mashindano yenyewe, akiiwakilisha nchi. Mimi nilikuwa nikizunguka shamba la mahindi la shule, siku ya Jumanne! Tena ni wachache wanaotaja kwamba mwaka 1970, huko Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Naamini goti lile lilipewa muda wa kupona.

Sasa nimeanza upya, maili mbili tu kwa siku, na Jumatano na Jumapili napumzika. Kiranja wetu huniita mvivu. Na aniite.