Kifafa ni Ugonjwa, si Laana

Mtu aangukapo kwa kifafa njiani, hapa Iringo au kwingineko, wapo wanaorudi nyuma kwa kuogopa povu lake. Woga huo hauna msingi.

Wataalamu wamekwisha kuuchungulia ubongo wenyewe. Mwaka 1949 Daktari Juhn Wada wa Japani alieleza namna ya kuulaza kwa dawa upande mmoja tu wa ubongo, kwa dakika chache, mgonjwa akiwa macho. Njia hiyo ikaja kutumika kabla ya kuwapasua wagonjwa wa kifafa, ili ijulikane usemi na kumbukumbu viko upande upi. Baadaye zikapigwa picha za mtiririko wa damu ubongoni, zikaonyesha sehemu zipi hasa zimelala. Hakuna pepo aliyeonekana humo.

Yumkini msomaji atasema mitambo hiyo iko mbali. Ni kweli, lakini wagonjwa wengi hawaihitaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Daktari Louise Jilek-Aall aliwatibu wagonjwa wa Mahenge, mkoani Morogoro, kwa vidonge vya bei nafuu vya fenobabito, na wengi walipata nafuu.

Hapana budi basi wazazi wawapeleke watoto hospitali, wala wasiwakatishe dawa. Walimu wasiwafukuze darasani. Aangukaye aepushwe na moto na maji, alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni.

Povu haliambukizi. Linaloua ni jiko, ni ziwa, na ni sisi tunaorudi nyuma.