Mbegu ya Tangawizi Ipimwe Kwanza

Ndugu wanachama, twasikia baadhi yetu wataka kuleta mbegu ya tangawizi kutoka Mamba Myamba, milima ya Upare, wilayani Same, waipande kati ya mikarafuu. Tangawizi ya huko ni nzuri, wala hatuisingizii ugonjwa. Lakini tangawizi hupandwa kwa tunguu, na tunguu zima machoni laweza kuficha bakteria wa mnyauko, akaingia udongoni. Jamaa yake mmoja ndiye aliyeua mikarafuu Sumatra. Jicho halimtambui, maabara humtambua kwa kupima chembe zake za urithi. Tunguu zipimwe kwanza, ndipo zipandwe. Tangawizi ni ya miezi; mkarafuu hungojewa miaka kama 7. Tusiharakie, tukaja kujuta.