Goma: Kutembea na imbwa siku ya Mungu, fasi gani iko salama?

Muji wa Goma uko na ziwa, milima na hewa ya baridi, lakini fasi za kupeleka imbwa matembezi zinaendelea kupunguka. Vita vimeharibu njia fulani, hifadhi ya Virunga si fasi ya imbwa ya nyumbani, na upande wa magharibi ya muji gazi ya mazuku inaua bila makelele. Uchambuzi.

Kwa familia nyingi za Goma, imbwa ni mulinzi wa parsele. Muchana anafungwa nyuma ya nyumba, usiku anafunguliwa ili abweke wezi wakipita. Hakuna mutu anamwazia matembezi. Lakini tangu miaka fulani, desturi ingine imeingia ndani ya muji. Katika kartie kama Himbi na Kyeshero, asubuhi ya siku ya Mungu, vijana wanakimbia barabarani na imbwa pembeni. Wengine wanapanda gari pamoja naye, wanatafuta fasi ya kupumuzika mbali na makelele ya pikipiki.

Ulizo lao ni rahisi: tuende wapi? Jibu si rahisi, na halihusu wenye imbwa tu. Pembeni ya Goma, fasi yenye haiko salama kwa imbwa haiko salama kwa mutoto mudogo. Wote wawili wanapumua karibu na udongo, wote wawili wanashika kila kitu wanachokuta, na wote wawili hawajui kusoma kibao cha onyo.

Mazuku, hatari yenye kukaa chini

Mutu akitoka Goma kwa barabara ya Sake, anapita Mugunga, na upande wa kushoto ziwa liko karibu. Kuko Lac Vert, Bulengo, na mashamba juu ya udongo mweusi wa volkano. Kwa macho, ni fasi nzuri ya kufungua imbwa akimbie. Lakini ni eneo hilo ndilo linajulikana sana kwa mazuku.

Wakaaji wa huko wanaita mazuku upepo mubaya. Wanasayansi wanaeleza kwamba ni gazi karboniki yenye inatoka ndani ya udongo kupitia nyufa za lava ya zamani. Haina rangi, na pua haiisikii. Ina uzito kupita hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, kwa hiyo haipande juu. Inashuka, inajaza mashimo na mabonde madogo kama vile maji yanajaza beseni. Katika hewa ya kawaida gazi hiyo haifike hata 0,1 kwa mia. Ikipita 10 kwa mia, mutu anaweza kupoteza fahamu kwa dakika kidogo, na ikizidi zaidi anakufa.

Hapo ndipo urefu wa mwili unakuwa jambo la uzima na kifo. Mutu mukubwa anaweza kusimama pembeni ya shimo kichwa chake kikiwa ndani ya hewa safi, huku imbwa yake tayari inapumua sumu. Jambo hili lilijulikana Ulaya tangu zamani. Karibu na muji wa Napoli, inchi ya Italia, kuna pango lenye liliitwa Pango la Imbwa. Kwa miaka mingi wageni walilipa feza ili waone imbwa akiingizwa humo na kuzimia, wakati mwenye kumwongoza alibaki amesimama bila shida. Pale ilikuwa mchezo, mchezo mubaya. Huku Goma hakuna mwenye kucheza: mbuzi, ndege na watu wamekwisha kufa ndani ya mazuku.

Jambo lenye kuongeza hatari ni moyo wa kuokoa. Imbwa anaanguka ndani ya shimo, mwenye imbwa anakimbia, anainama ili amunyanyue, na kwa kuinama anaweka pua yake ndani ya gazi. Mutu wa tatu anakuja kusaidia na yeye anaanguka. Ndiyo maana, katika eneo hilo, kamba si jambo la adabu tu. Kamba ndefu inaruhusu kuvuta imbwa kutoka inje bila kuingia ndani ya shimo. Mwenye hana kamba anabaki na machaguo mawili tu: kuingia ao kuangalia.

Saa nayo inahesabika. Usiku na asubuhi mapema, wakati upepo haujaanza, gazi inalala chini na inakuwa nyingi. Jua likipanda na upepo ukivuma, inatawanyika, hata kama haiishi yote. Basi watu wenye kupenda kutoka saa kumi na moja ya alfajiri, juu ya baridi, wanafanya vizuri kubaki kwenye barabara kubwa za muji. Upande wa Lac Vert na Bulengo, ni bora kungoja jua liwe juu, na hata hapo kutoshuka ndani ya mabonde. Kama ndege ao wadudu wamelala wamekufa ndani ya shimo, hiyo ni onyo lenye kutosha. Hakuna haja ya kukaribia ili kuhakikisha.

Mambo haya yalikuwa mazito zaidi wakati wa kambi. Mbele ya Februari 2025, maelfu na maelfu ya wakimbizi wa ndani waliishi ndani ya vibanda Bulengo, Mugunga na Lac Vert, wakilala chini, na watoto wao wakicheza juu ya udongo huo huo. Kambi zilivunjwa, lakini nyufa za lava hazikuhama.

Virunga: sababu ya kukataa imbwa

Upande wa kaskazini, wengi wanaota njia ya Kibati, penye safari za kupanda mulima Nyiragongo, mita 3 470, zilikuwa zikianzia. Tangu vita vilipofika Goma, ziara za watalii katika hifadhi zimesimamishwa. Lakini hata wakati wa amani, imbwa ya nyumbani haina nafasi humo.

Wengine wanaona hiyo kama ukali wa bure. Wanasema Virunga yenyewe iko na imbwa Rumangabo. Ni kweli: hifadhi inatumia imbwa wa kunusa, wenye kufundishwa kufuata njia ya wawindaji haramu na kutafuta watu wenye wamepotea. Tofauti ni kwamba imbwa hao wanafuatwa na waganga, wanapewa chanjo, na wanaenda kazini wakishikwa na walinzi wao. Imbwa ya parsele inaweza kubeba ndani ya pori ugonjwa wenye mwenyewe hajui.

Mufano wenye kujulikana sana unatoka Tanzania. Katika mwaka wa 1994, ugonjwa wenye kutoka kwa imbwa wa vijiji uliingia Serengeti na kuua karibu simba 1 000, ni kusema karibu sehemu moja juu ya tatu ya simba wa hifadhi hiyo. Virunga, yenye iliumbwa mwaka wa 1925 na ni hifadhi ya zamani kuliko zote Afrika, iko na sokwe wa milimani wenye hawabaki wengi duniani. Katika hali hiyo, kukataza imbwa ni sheria yenye mutu anaweza kuelewa hata kama inamunyima siku moja ya furaha.

Njia ya Masisi: majani mengi, lakini mwenyewe yuko

Kisha Sake, barabara inapanda kuelekea Mushaki, na hapo milima ya Masisi inafunguka: majani, ngombe, upepo, na jibini yenye Goma inakula. Mbele ya vita, ilikuwa safari ya siku moja yenye watu wa muji walipenda sana. Leo, yeyote anayeifikiria anapaswa kwanza kuuliza habari za usalama za siku hiyo, si za wiki iliyopita.

Hatari ya pili iko pembeni ya barabara. Mapigano ya Goma na Sake yaliacha mabomu yenye hayakulipuka. Imbwa asiye na kamba anafuata harufu ndani ya majani, anachimba, na mara ingine anarudi na kitu mudomoni. Ni vile vile mutoto anaokota chuma chenye kungaa. Katika maeneo yenye yalipiganiwa, kubaki juu ya njia yenye watu wanapita kila siku ni sheria ya kwanza.

Hatari ya tatu ni ugomvi. Kwa mufugaji, imbwa wa mugeni mwenye anafukuza ngombe si mchezo. Ndama akivunjika muguu, nani atalipa? Sheria iko wazi tangu tarehe 30 Julai 1888: Kitabu cha III cha sheria za raia za Kongo, kifungu cha 261, kinasema kwamba mwenye nyama ndiye anajibu juu ya hasara yenye nyama huyo ameleta, hata kama alitoroka. Wenye imbwa wachache tu wanajua kifungu hicho. Wengi wanakijua siku wanaombwa ngombe.

Ndani ya muji: chanjo mbele ya kamba

Kama njia za inje ni nyembamba, inabaki ndani ya muji: pembeni ya ziwa, mulima Goma karibu na bandari, barabara za lami mbele magari yaamuke. Hapa mazuku si tisho kubwa kama kule magharibi, ingawa inapatikana fasi fulani hata pembeni ya ziwa. Muchana, udongo wa lava unawaka na kingo zake zinakata nyayo za imbwa. Mwenye kutaka kujua anaweza kuweka mugongo wa mukono chini. Kama hawezi kuuacha hapo sekonde tano, imbwa yake pia hawezi kutembea hapo.

Lakini ndani ya muji, swali kubwa ni kichaa cha imbwa, ugonjwa wenye wengi wanaita raje. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linasema kwamba karibu visa 99 juu ya 100 vya ugonjwa huo kwa watu vinatoka kwa imbwa. Alama zikisha kuonekana kwa mutu, karibu hakuna mwenye anapona. Kinshasa, katika mwaka wa 2009, hospitali ya watoto ya Kalembe-Lembe ilipokea watoto 21 wenye ugonjwa huo kwa miezi michache tu.

Ili ugonjwa ukatike, wataalamu wanasema imbwa 70 juu ya 100 wanapaswa kuwa na chanjo. Hiyo si kazi ya mutu mumoja mwenye mapenzi ya imbwa. Chanjo inapaswa kubaki ndani ya baridi, kati ya digri 2 na 8, kutoka kiwanda mpaka kwenye sindano. Katika muji wenye uwanja wake wa ndege ulifungwa mwezi wa kwanza wa 2025, na wenye umeme hauko na uhakika katika kila kartie, kila chupa ya chanjo ni safari ndefu. Na vita vinaleta imbwa wengi bila mwenyewe: familia inakimbia na watoto na magodoro, imbwa anabaki.

Kwa hiyo mutu mwenye anapeleka imbwa yake pembeni ya ziwa bila karte ya chanjo anawapeleka majirani wote ndani ya bahati nasibu. Imbwa wake anaweza kuumwa na imbwa wa barabarani, na wiki chache baadaye akauma mutoto wa nyumbani. Mutu akiumwa, asiweke pilipili wala dawa ya kienyeji juu ya kidonda. Maji na sabuni kwa dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo. Imbwa mwenye ameuma, kama anaweza kufungwa bila hatari, asiuawe haraka. Anafungwa na kuangaliwa siku 10, juu ni hivyo waganga wanajua kama alikuwa mugonjwa.

Ni nani anapaswa kufanya nini?

Kwa mwenye imbwa, orodha ni fupi: chanjo kuanzia miezi tatu na kurudilia kila mwaka, kamba ndefu yenye nguvu, maji, na kukataa mabonde. Mwenye kuwaza kuvuka mupaka kuelekea Gisenyi ajue kwamba inchi nyingi zinaomba cheti cha chanjo na karatasi ya munganga wa nyama mbele ya kuruhusu imbwa kuingia.

Kwa wenye kuongoza muji, yeyote mwenye kushika usukani, kazi ni kubwa zaidi. Kampeni ya chanjo ya imbwa bila malipo inagharimu kidogo kuliko kutunza watu wenye wameumwa. Vibao vya mazuku vyenye kusomeka, kwa Kiswahili na kwa picha, vinapaswa kusimama penye nyufa zinajulikana, na watu wa OVG, kituo cha kuangalia volkano, wanaijua ramani hiyo. Kuondoa mabomu pembeni ya barabara ya Sake si kazi ya watalii, ni kazi ya uzima wa wakulima wenye wanarudia mashamba yao.

Wengine watasema kwamba, katika muji wenye watu wanatafuta unga, kuzungumuza matembezi ya imbwa ni mambo ya watajiri. Lakini mutoto wa Bulengo haendi matembezi. Anaishi hapo. Shimo lenye imbwa wa Himbi anapita siku moja tu kwa wiki, yeye analipita kila asubuhi akienda kuchota maji.