Tiketi za Basi Ziwekwe Mezani

Ndugu zangu wa Oli hapa Arua, na ninyi wa Koboko, nani kati yetu hajamsindikiza kijana kupanda basi la usiku, vyeti vyake vimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni visilowe mvua?

Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na wa Koboko ana zaidi ya 50 kabla ya kufika Arua. Mwaka nilioitwa intavyu ya kazi Kampala, shangazi aliuza mbuzi ndipo nikapata nauli. Nikafika alfajiri, miguu imevimba. Mlinzi akaniambia pale getini: imesogezwa, njoo wiki ijayo. Wenzangu wa mjini wakadandia boda wakarudi kwao kunywa chai. Mimi wiki iliyofuata sikwenda. Mbuzi alikuwa mmoja tu.

Safari hizi za kufuata kazi mbali zina mizizi. Wakoloni waliigeuza West Nile ghala la vibarua. Babu zetu wakavuka Nile kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, wengine wakavaa sare za KAR, jeshi la wakoloni. Hata umeme wa gridi ya taifa umetufikia 2024 tu. Mwaka huohuo daraja la Karuma likafungwa kwa matengenezo, Septemba hadi Desemba, mabasi yakazungushwa njia ndefu. Tarehe za intavyu hazikulingoja daraja.

Sisemi tupewe kazi kwa kuhurumiwa, wala mtu wa Masaka asije kufanya kazi huku. Karibu sana, chai ipo. Ninachosema ni kwamba kazi itakayofanyiwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp au Bidi Bidi, intavyu yake ifanyiwe Arua. Kumbi zipo. Chuo Kikuu cha Muni kipo hapahapa.

Tukinung'unika kila mtu barazani kwake, hatusikiki. Kila mwenyekiti wa LC afungue daftari: nani aliitwa, lini, nauli shilingi ngapi, alilala wapi, tangazo alilipata siku ngapi kabla. Maimamu watukumbushe Ijumaa, wachungaji Jumapili. Kinamama wa sokoni, ninyi ndio mliochangia nauli hizo, nanyi mwandikwe. Kisha tuyabebe madaftari, Waarua kwa baraza la jiji, Wakoboko kwa manispaa yao, na wabunge wetu tuwaalike wayasome mbele yetu.

Tiketi ya zamani ukiikuta kwenye mfuko wa koti au katikati ya Msahafu, usiitupe. Ilete, hata iliyochanika.