Dam Iliyojaa Mchanga Haijafa

Kuna imani moja inayotugharimu sana huku Ukambani, kwamba dam ni ziwa. Ukiona maji yamelala wazi na ng'ombe wamesimama ukingoni, hapo pana dam. Usipoyaona, hapana kitu. Kwa imani hiyo mto mkavu umekwisha kuwa mto mfu, na ukuta wa mawe uliojaa mchanga hadi juu huhesabiwa pamoja na miradi iliyoshindwa. Imani hiyo ni ya uongo, na wanaoilipia ni akina mama na watoto wanaobeba mitungi.

Tazama tunavyolitumia neno lenyewe. Kwa Waingereza waliotuachia, dam hasa ni ukuta unaoukatiza mto. Maji yaliyo nyuma yake wana neno jingine la kuyaita. Sisi tumelihamishia kwenye maji. Tunasema dam imekauka, mtoto amezama dam, serikali itatuchimbia dam, ingawa ukuta hauchimbwi. Sina ugomvi na hilo. Lugha huazima na kugeuza, na kwa silanga zetu, yaani mabwawa ya udongo, matumizi hayo yanafaa kabisa, maana silanga ikijaa mchanga kweli imekufa. Ubaya unaanza neno hilo linapofika kwenye mito, likiwa limekwisha kutuzoeza kutafuta maji kwa macho tu.

Mito mingi ya Kitui na Makueni hutiririka muda mfupi baada ya mvua kubwa, kisha ukabaki mchanga. Ukijenga ukuta wa mawe na saruji ukakaa juu ya mwamba, mafuriko huja na mchanga na matope. Matope mepesi huruka ukuta yakaenda zake, mchanga mzito ukatua. Baada ya misimu michache ya mvua, pengine mmoja tu, nafasi yote imejaa. Hapo ndipo ukuta unapoanza kazi yake, na hapo ndipo mpita njia husema dam imekufa. Katika kila madebe manne ya mchanga mzuri, wenye chembe kubwa, hukaa debe zima la maji, na mara nyingine zaidi. Jua la Kitui linaloweza kukausha karibu mita 2 za maji yaliyo wazi kwa mwaka mmoja haliyafikii yaliyojificha chini. Mbu hana pa kutagia. Punda hawezi kuyakojolea. Tena maji hayo hupenya hadi kwenye kingo, na visima vya jirani vikapanda.

Anayesema haya ni majaribio ya wageni hajui historia ya kwao. Kuta hizi zilijengwa Ukambani tangu enzi za ukoloni, na kuanzia miaka ya 1990 shirika la SASOL na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, wamejenga mamia yake Kitui, wanavijiji wakibeba mawe kwa mikono yao. Watu wa nchi nyingine kame wamekuja huku kujifunza. Na hata kabla ya saruji, mama wa Kanyangi, kwetu hapa Kitui, alijua afukue wapi mchangani mwezi wa Septemba, asubiri maji yachujike, ateke kibuyu baada ya kibuyu. Yeye hakuwahi kuuita mto huo mfu.

Mto Athi unapokutana na mto Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui na si mbali na Kanyangi, dam kubwa ilianza kujengwa mwaka 2018, ukuta wa mita 80 na ushei, wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 688. Siipingi. Miji inakua na inahitaji mabomba. Lakini Athi hupokea uchafu wa Nairobi kabla ya kutufikia, na maji hayo yatataka kusafishwa, kusukumwa kwa mitambo na kulipiwa. Kijiji kilicho mbali na bomba kitakunywa nini miaka hiyo yote ya kungoja? Kukiambia kisubiri ziwa, na mto wa mchanga unapita chini ya nyumba zake, ni kukionea.

Kinachoniudhi zaidi ni mchanga. Mtu akija usiku na lori la tangi kuchota maji ya silanga ya kijiji, atafukuzwa kwa mayowe. Akija kuchota mchanga wa kupeleka Nairobi, vijana wa hapo hapo humpakilia kwa ujira mdogo, kwa sababu wamefundishwa kwamba mto mkavu hauna kitu cha kuibiwa. Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015, na serikali ya Kitui ikapiga marufuku kuusafirisha nje ya kaunti mwaka 2018. Sheria hizo hazitashika kitu mpaka chifu, polisi na mzee wa kijiji waone kwamba lori lile limebeba maji.

Uchaguzi wa mwaka 2027 ukikaribia, wanasiasa watakuja tena Kanyangi kutuahidi dam, na tutapiga makofi kama kawaida yetu. Safari hii kabla ya makofi tuwaulize: ukuta utakaa kwenye mwamba upi, wa mto upi, utajazwa na mchanga wa aina gani, na nani atalizuia lori siku litakapoufuata mchanga huo?