Kuhesabu Karata si Wizi

Waliotazama sinema za Las Vegas wanaijua hadithi: kijana hodari wa hesabu anakamatwa mezani, anaburutwa chumba cha nyuma, anatwangwa. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba kuhesabu karata kwenye blekijeki ni jinai. Si kweli, na anayenufaika na uzushi huo ni mwenye kasino.

Hebu tuangalie huyo "mhalifu" anafanya nini. Ikitoka karata ndogo, kuanzia mbili hadi sita, anaongeza moja kichwani. Ikitoka ya kumi, ya picha au ree, anapunguza moja. Saba, nane na tisa anaziacha zipite. Hesabu ikipanda, karata kubwa zilizobaki ni nyingi kuliko kawaida, naye anaongeza dau, ikishuka, analipunguza. Basi. Profesa wa hisabati Edward Thorp aliandika kitabu kizima juu ya kuhesabu karata mwaka 1962, nacho kikauzwa hadharani. Kwetu, kwenye wahedi wasitini, anayekumbuka karata zilizokwisha kupita huitwa fundi.

Kinachowachanganya watu ni mlango. Nevada, jimbo lenye Las Vegas, kasino inaweza kumwambia mchezaji asicheze tena, hata atoke. Akikataa kutoka, au akirudi baada ya kupigwa marufuku, hapo ndipo anavunja sheria: kosa lake ni kuingia mahali alipokatazwa, hesabu haimo. New Jersey hata huo mlango ulibanwa. Mhesabu karata Ken Uston aliishitaki kasino moja ya Atlantic City, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba kasino haina mamlaka ya kumfukuza mtu kwa sababu tu anahesabu. Kanuni za mchezo ni kazi ya tume ya serikali. Kasino zikabaki na njia nyingine, kama kuchanganya karata mapema. Nazo ni halali, sina ugomvi nazo.

Mpaka upo, sikatai. Tangu 1985 sheria ya Nevada inakataza kifaa chochote cha kumsaidia mchezaji kuhesabu: hesabu ile ile, ikihama kichwani ikaingia kwenye kompyuta iliyofichwa kiatuni, ni jinai. Kisha kuna Phil Ivey, mcheza poka mashuhuri, ambaye watetezi wa kasino hupenda kumtaja. Mwaka 2012, mjini London, alicheza punto banco, mchezo mwingine wa karata wa kasino, na kushinda pauni milioni 7.7. Mgawa karata aliombwa azigeuze baadhi ya karata kwa kisingizio cha bahati, kumbe Ivey na mwenzake walikuwa wakizisoma kwa tofauti ndogo za kingo za migongo yake. Kasino ikakataa kulipa, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema huo ni udanganyifu.

Lakini Ivey alimzunguka mgawaji ili karata zipangwe atakavyo. Anayehesabu hamwombi mgawaji chochote. Anatazama karata ambazo kasino yenyewe imezifunua mbele ya meza nzima.